Krisanthemu zinazochanua zikiwa fupi: tatizo ni usiku, si mbolea

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 hapa Tengeru, Arusha, chenye matuta manne. Mwezi wa nne nilipanda vipando vya krisanthemu nyeupe na za njano nilivyopewa na jamaa aliyekuwa akivuna za kwake. Muuza maua wa mjini anataka mashina ya sentimita 70 kwenda juu, lakini zangu zilianza kutoa matumba zikiwa na sentimita 25 tu, na zimechanua zikiwa chini ya goti. Kinachonishangaza ni tuta la pembeni lililo karibu na ukuta wa jirani. Mimea yake imenifika kiunoni, majani yamekolea kijani, lakini haina tumba hata moja. Tuta hilo ndilo nililolitilia samadi ya kuku nyingi zaidi, hivyo nadhani samadi ndiyo iliyoirefusha na kuinyima maua. Bwana shamba mmoja amenishauri ninyunyizie busta yenye fosforasi nyingi. Mwingine amesema nifunge taa kama za mashamba makubwa, lakini sielewi taa za usiku zinasaidia nini wakati mmea hujitengenezea chakula kwa jua la mchana. Upande wa ukutani tayari kuna mwanga, maana jirani ana taa kubwa ya ulinzi inayowaka usiku kucha, na bado huko ndiko hakuna maua. Nifanye nini ili msimu ujao nipate shina refu na ua zuri? Naweza kuwekeza kidogo, ila sitaki kutupa fedha."

Marahaba, ndugu yangu. Umeleta malalamiko mawili yanayoonekana kupingana: matuta matatu yamechanua mapema kabla mashina hayajarefuka, na tuta moja limerefuka bila kuchanua. Kwa hakika ni jambo moja. Matuta yale matatu yalipata giza refu tangu siku uliyoyapanda, na tuta la nne halijapata giza hilo hata usiku mmoja. Taa ya jirani yako ndiyo imefanya kazi ambayo wewe unafikiri imefanywa na samadi, na tena umetajiwa dawa ya tatizo lako bila kuambiwa kwa nini ni dawa.

Niiondoe samadi kwanza. Naitrojeni nyingi huongeza majani, hulainisha shina na yaweza kuchelewesha maua kwa siku kadhaa, lakini haina uwezo wa kulizuia tuta zima la krisanthemu lisitoe tumba kwa miezi. Ukitaka kuhakikisha, ingia kitaluni usiku taa ya jirani ikiwa inawaka, utazame vivuli vinapoangukia. Nguzo ya kitalu au kona ya ukuta ikiwa inatupa kivuli juu ya mimea michache ya tuta hilo, rudi hapo asubuhi uikague mimea hiyo hiyo: una nafasi kubwa ya kuikuta na matumba ilhali wenzake wa kulia na kushoto, waliopandwa katika samadi ile ile, hawana. Kagua pia tuta la tatu. Upande unaoelekea ukutani, kama mwanga unaufikia, utakuwa umechelewa kuliko upande wa pili. Samadi haina kivuli, kwa hiyo mpangilio wa namna hiyo ukiuona, shaka imekwisha.

Sasa nieleze sababu, kwa kuwa bila kuielewa utanunua taa na kuziwasha saa zisizofaa.

Krisanthemu haiamui kuchanua kwa sababu imeshiba, imekomaa au imepata fosforasi. Huamua kwa kupima urefu wa usiku. Ujuzi huu una zaidi ya miaka 100: mwaka 1920 watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walichapisha majaribio yao juu ya aina ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, iliyokuwa ikirefuka majira yote ya kiangazi bila kutoa ua, ilhali ndani ya kitalu cha kioo wakati wa baridi, siku zinapokuwa fupi, ilichanua ikiwa bado ndogo. Walipoiingiza mimea gizani mapema kila jioni wakati wa kiangazi, ikachanua. Mimea ya tabia hiyo ikaitwa mimea ya siku fupi, na jina hilo limedumu ingawa linapotosha kidogo, kwa kuwa mwaka 1938 watafiti wengine, Hamner na Bonner, walionyesha kwamba kinachopimwa na mmea ni giza lisilokatizwa, si mwanga wa mchana. Walipolikatiza giza kwa mwanga mfupi katikati ya usiku, maua hayakutoka. Walipouvunja mchana kwa giza fupi, hakuna kilichobadilika. Katika kundi hili wamo krisanthemu, poinsettia, bangi, aina nyingi za soya na mbaazi zetu za asili. Pareto, ambayo ni ndugu wa karibu wa krisanthemu na inafahamika vyema kwa wakulima wa Mufindi na wa Nyandarua, ina tabia nyingine kabisa: hiyo husukumwa zaidi na baridi, na ndiyo maana inataka nyanda za juu. Usije ukachukua ushauri wa mkulima wa pareto ukauhamishia kwenye kitalu chako kwa kuwa tu maua yanafanana.

Ndani ya jani mna kipokea mwanga kiitwacho faitokromu, chenye hali mbili. Mwanga mwekundu, ambao umo kwa wingi ndani ya mwanga wa jua na wa balbu za kawaida, hukigeuza kuwa katika hali iliyo hai. Giza linapoingia, hali hiyo hai huanza kupungua kidogo kidogo, kama maji katika mtungi unaovuja: jioni umejaa, alfajiri umekaribia kukauka. Giza likiwa refu vya kutosha, jani hupata nafasi ya kutengeneza protini inayosafiri kwa mishipa ya mmea mpaka kileleni na kuiamuru ncha ya shina iache kuzaa majani, ianze kuzaa maua. Ujumbe huo ulipewa jina la florijeni na mwanasayansi wa Muungano wa Kisovieti, Mikhail Chailakhyan, katika miaka ya 1930, na mmea aliotumia katika majaribio yake ulikuwa krisanthemu: aliyaweka majani ya chini katika siku fupi huku kilele kilichonyofolewa majani kikiwa katika siku ndefu, na kilele kikachanua. Ilichukua hadi mwaka 2007 kwa protini yenyewe kutambuliwa, katika mimea mingine. Kisha mwaka 2013 watafiti wa Japani wakaonyesha, katika jamii ya krisanthemu, kwamba usiku unapokatizwa kwa mwanga jani hutengeneza protini nyingine inayofanya kinyume, yaani inayozuia maua. Kwa hiyo taa ya usiku wa manane haiulishi mmea, wala haiupi joto. Inaujaza mtungi upya kabla haujakauka, na jani linaendelea kupeleka kileleni amri ya kungoja.

Tuje kwenye hesabu ya Arusha. Kwa wastani, aina nyingi za krisanthemu za kukatwa huanza maua mchana unapokuwa mfupi kuliko saa 13 na nusu hivi, maana yake usiku uwe umepita saa 10 na nusu. Katika Uholanzi mchana wa mwezi Juni hukaribia saa 17, kwa hiyo mkulima wa huko akitaka maua wakati huo hulazimika kuvifunika vitalu vyake kwa pazia jeusi ili atengeneze usiku. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kabisa hapo Tengeru haifiki nusu saa. Hata ukihesabu mwanga hafifu wa machweo na wa alfajiri, usiku wetu unabaki na giza la saa 11 hivi, Januari hadi Desemba. Kwa krisanthemu, kila usiku wa Arusha ni usiku wa kuchanua. Ndiyo maana vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya vinamchanganya mkulima wetu: vinatumia kurasa nyingi kueleza namna ya kutengeneza giza, jambo ambalo sisi tunalo bure, na maelezo machache kuhusu taa, ambazo kwetu ndizo kazi yenyewe. Mashamba makubwa ya Arusha, na yale ya Uganda kando ya Ziwa Victoria yanayozalisha vipando kwa ajili ya Ulaya, huwasha taa usiku kwa sababu hiyo hiyo: mmea mama ukiruhusiwa kuona usiku wetu mzima, utatoa tumba badala ya chipukizi.

Hapo pia naona kosa la pili, ambalo hukuliuliza lakini limo katika swali lako. Umepewa vipando na mtu aliyekuwa akivuna. Mmea ulio katika kuvunwa umeshapokea amri ya kuchanua kwa wiki nyingi, na chipukizi lililokatwa kwake huja na amri hiyo mwilini, hata kama kwa macho halina tumba. Ukilipanda, hutoa mizizi na maua karibu kwa pamoja. Vipando vyema hutoka kwa mimea mama iliyolelewa chini ya taa tangu mwanzo. Habari njema ni kwamba mimea ya namna hiyo unayo tayari, ile ya ukutani. Hiyo iliyokufika kiunoni bila tumba haijaona giza refu tangu uipande, hivyo vilele vyake vya sentimita 5 hadi 7 vinafaa kuoteshwa mizizi, kwa masharti mawili: iwe safi isiyo na ugonjwa, jambo nitakalolirudia, na aina yenyewe isiwe imesajiliwa kwa haki za mgunduzi wa mbegu. Aina nyingi za kibiashara zina ulinzi huo, na Tanzania ina sheria ya haki hizo ya mwaka 2012. Muulize jamaa yako alikozipata kabla hujazizalisha kwa ajili ya kuuza.

Kuhusu busta, nadhani bwana shamba alikushauri kwa nia njema, lakini haitakusaidia. Fosforasi inahitajika, na udongo ukiikosa mmea hudumaa, ila kuizidisha hakuileti amri ya kuchanua kwa tuta la ukutani wala hakuirefushi mimea iliyokwisha kuchanua. Wapo pia watakaokuuzia jibereliki, homoni ya kurefusha. Hiyo inarefusha kweli, lakini huirefusha pia ile shingo iliyo chini ya ua, shina linakuwa jembamba na ua linainama ndoo haijafika mjini. Kwa tatizo lako singeinunua.

Kinachobaki ni taa, na hazina gharama kubwa kama watu wanavyodhani. Lengo ni kuikatiza nguvu ya usiku katikati yake, wala huhitaji kuurefusha mchana mpaka saa 17. Wakulima wengi huwasha kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku. Ukifanya hivyo, giza linagawanyika vipande viwili, kimoja cha saa 3 hivi na kingine cha saa 4, na hakuna hata kimoja kinachokaribia saa 10 na nusu. Kuwasha saa 1 jioni hadi saa 3 usiku, kama wanavyofanya wengine kwa kuwa ndio muda wanaokuwa macho, ni njia dhaifu zaidi: kutoka saa 3 usiku hadi alfajiri kunabaki giza la saa 9 lisilokatizwa, ambalo kwa baadhi ya aina ni karibu mno na mpaka wa hatari, ilhali umetumia umeme ule ule kwa kila saa.

Mwanga wenyewe haulazimiki kuwa mkali. Kiasi cha laksi 100 (laksi ni kipimo cha mwanga) kwenye usawa wa vilele kinatosha, ambacho ni kidogo kuliko mwanga wa meza ya kusomea. Kwa kitalu chako ningefunga mstari mmoja wa waya juu ya kila tuta, taa 7 kwa kila mstari, umbali wa mita 2 kati ya taa na taa, zikining'inia mita 1 na nusu juu ya vilele. Hizo ni taa 28. Ukichagua balbu za LED za wati 9 zenye mwanga wa manjano, ambazo zina sehemu kubwa zaidi ya mwekundu kuliko zile nyeupe za ubaridi, jumla ni wati 252, na kwa saa 4 unatumia yuniti moja hivi ya umeme kwa usiku. Pima kwa simu: zipo programu za kupima laksi, si sahihi sana, lakini zinatosha kukuonyesha sehemu yenye giza. Ilaze simu juu ya kilele kilicho katikati ya taa mbili, kioo kikitazama juu, kisha kwenye kona za matuta. Kona ndizo zinazoponyoka, na mmea mmoja uliokosa mwanga utakuonyesha tumba lake wiki chache baadaye wakati wenzake bado wanarefuka.

Nunua taima ya kuwasha na kuzima, usitegemee mtu kuamka. Umeme ukikatika usiku mmoja au miwili usihangaike, kwa kuwa krisanthemu huhitaji mfululizo wa usiku mrefu ndipo ikamilishe uamuzi wake. Wiki nzima bila taa, hiyo ni hasara. Kama umeme wenu haueleweki, ipo njia ya kuwasha kwa vipindi: dakika 6 katika kila nusu saa, kwa zile zile saa 4, kwa mwanga ule ule usiopungua laksi 100. Matumizi hushuka hadi moja ya tano, kiasi ambacho betri ya sola ya kawaida inakimudu. Njia hii imetumika kwa miaka mingi, ila inakuacha na akiba ndogo ya usalama, kwa hiyo kwa msimu wa kwanza ningekushauri uwashe mfululizo, kisha msimu wa pili ujaribu vipindi kwenye tuta moja.

Taa zizimwe lini? Shina halisimami kukua siku unapozizima. Huendelea kurefuka kwa wiki kadhaa huku tumba likijengeka, na mara nyingi huongeza zaidi ya nusu ya urefu wake wa mwisho katika kipindi hicho. Kwa muuza maua anayetaka sentimita 70, anza kwa kuzizima mimea ikiwa na sentimita 30 hadi 35, ambayo kwa hali ya hewa ya Tengeru ni wiki ya nne au ya tano tangu kupanda vipando vyenye mizizi. Usizizime kwa mazoea ya tarehe tu, kwa maana Juni na Julai kukiwa na baridi na mawingu mimea huchelewa. Kila aina ina muda wake kutoka kuzimwa taa hadi kuvunwa, na za kukatwa zilizo nyingi ni wiki 7 hadi 10. Ukishaujua muda wa aina yako, unaweza kupanga mavuno kwa kuhesabu kurudi nyuma: ukitaka kukata tarehe 10 Desemba kwa ajili ya harusi za mwezi huo, na aina yako ni ya wiki 8, taa zizimwe tarehe 15 Oktoba na vipando viwe ardhini katikati ya Septemba au mapema kidogo. Faida hii wakulima wengi wanaisahau. Taa hazikupi urefu peke yake, zinakupa tarehe.

Kuanzia usiku unapozizima, mambo yanageuka, na giza linakuwa mali ya kulindwa. Hapo taa ya jirani inakuwa adui. Funika upande wa ukutani kwa turubai jeusi au plastiki nyeusi nzito kuanzia chini hadi juu ya usawa ambao mimea itafikia, na ukae ndani usiku uone kama bado kuna miale. Ukiweza kusoma gazeti ndani ya kitalu, mwanga ni mwingi mno. Mbalamwezi isikutie wasiwasi, ni hafifu sana kuliko mwanga unaohitajika, na tochi ya mlinzi inayopita haraka haina madhara. Hatari ni mwanga mdogo unaokaa muda mrefu: balbu ya barazani, taa ya banda la kuku, au taima uliyoisahau ikaendelea kuwasha mstari mmoja. Mwanga hafifu wa namna hiyo kwa kawaida hauzuii maua kabisa. Huyavuruga tu. Tumba huanza, kisha hukwama, majani membamba yasiyo ya kawaida huchomoza chini yake, na matawi ya pembeni hulipita tumba la katikati. Ukiona hivyo, usitafute dawa dukani, tafuta taa.

Katika wiki hizi joto nalo lina sauti. Matumba hujengeka vizuri usiku ukiwa na nyuzi 16 hadi 18. Mchana ukipita 30 mara kwa mara ndani ya plastiki, maua huchelewa na rangi, hasa ya pinki na ya shaba, hufifia. Fungua pande za kitalu mapema asubuhi, usingoje jua likolee. Mbolea iendelee ikiwa na naitrojeni na potasiamu ya kutosha mpaka matumba yanapoanza kuonyesha rangi, halafu punguza naitrojeni, kwa sababu ua lililolishwa naitrojeni mpaka mwisho hudumu siku chache katika chombo. Kama muuza maua anataka ua moja kubwa kwa shina, nyofoa matumba yote ya pembeni yakiwa na ukubwa wa punje ya mtama, ukiacha la kileleni. Kama anataka shada la maua mengi madogo, fanya kinyume, nyofoa lile la kileleni peke yake, na ya pembeni yatafunguka kwa usawa mmoja. Muulize kabla, kwani uamuzi huo haurudiki.

Ugonjwa ndio unaowaumiza wengi hatua hii, kwa kuwa kitalu kimejaa majani na hewa haipiti. Ukungu wa kijivu hushika petali zilizolowa usiku, ukianza na vidoa vidogo vya kahawia kisha manyoya ya rangi ya jivu. Mwagilia kwa matone, asubuhi, usiloweshe vilele, na usifunge kitalu jioni kikiwa bado kina mvuke. Wadudu wadogo waitwao vithiripi hujificha ndani ya petali. Lipigepige ua juu ya karatasi nyeupe utawaona wakitembea, wembamba kama uzi. Lakini ninachotaka ukijue kwa macho ni kutu nyeupe. Geuza jani: juu lina madoa ya kijani kilichopauka au ya njano, na chini yake, mahali pale pale, kuna vipele vya rangi ya krimu au pinki iliyofifia, vilivyoinuka kama vijipu. Nchi nyingi huuhesabu kuwa ugonjwa wa karantini. Ukiuona usikate vipando, usimpe mtu mmea hata mmoja, na usiupulizie dawa ya kubahatisha ukadhani umekwisha.

Mimea uliyo nayo sasa ina thamani yake. Ile mifupi iliyochanua haitarefuka, kwa hiyo iuze katika vishada vifupi vya mezani au ihamishie kwenye vyungu, kisha ing'oe. Wapo wanaoikata ikabaki sentimita 10 na kuilea ichipue tena chini ya taa. Inawezekana, lakini machipukizi hayalingani, na magonjwa ya msimu uliopita yanakaa pale pale. Kwa muuza maua anayepima mashina, singefanya hivyo. Ile ya ukutani ina njia mbili: ukiifunika upande leo, itachanua ndani ya miezi miwili hivi, ikiwa mirefu kupita kiasi lakini mashina hukatwa, na wavu wa kuishikilia utauhitaji, au uifanye mimea mama kama nilivyosema, ukiiacha katika mwanga wa jirani mpaka ukishavuna vipando.

Kama fedha za taa 28 hazipo kwa sasa, funga mistari miwili kwa matuta mawili, na uweke pazia jeusi kati ya matuta yenye taa na yale yaliyo katika giza. Kutakuwa na wakati unataka yote mawili kwa pamoja, nusu ya kitalu irefuke na nusu ichanue, na ndipo utapata mavuno kila baada ya wiki kadhaa badala ya yote kwa siku moja. Na kama baada ya hesabu unaona soko lako halilipi kiasi cha kurudisha waya na balbu, kuuza krisanthemu fupi za vyungu ni biashara halali ambayo usiku wetu unaifanya bila taa yoyote.

Kazi mbili usizifanye mwenyewe. Ya kwanza ni umeme: kitalu ni mahali penye maji, chuma na miguu iliyolowa, hivyo mwite fundi aliyesajiliwa, afunge vishikio vya balbu visivyopitisha maji, nyaya zipite juu, na swichi ya kinga inayokata umeme mara tu unapovuja. Ya pili ni kutambua ugonjwa. Ukiona vipele nilivyovieleza, au mimea inayonyauka asubuhi ilhali udongo una unyevu, wapigie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambao makao yao makuu yako Arusha, uwaeleze ulichokiona na uwaulize sampuli ipelekwe vipi kabla hujaibeba. Wataalamu wa kilimo cha bustani wa TARI Tengeru, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ni majirani zako, na unaweza kuwauliza kuhusu kupima udongo wa tuta la samadi kabla hujaongeza kitu kingine. Na ukiamua kuagiza vipando vipya kutoka Kenya au Uganda, kibali cha kuingiza mimea huombwa TPHPA kabla mzigo haujaondoka huko, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka kwa mamlaka ya nchi unakotoka.